Je, wajua kwa nini kikombe cha kahawa Ulaya kina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, lakini mkopo wa benki hauna?

Ukinywa kahawa kwenye mgahawa wa Berlin ukaambiwa ulipe euro 3.57, risiti itakuonyesha kwamba kahawa yenyewe ni euro 3 na zile senti 57 ni VAT ya asilimia 19. Vuka barabara, ingia benki, kopa euro 100,000 za kununulia nyumba. Utalipa riba miaka ishirini, na katika makaratasi yote hayo hutaona hata senti moja ya VAT juu ya riba. Lakini benki hiyohiyo ikikukodisha kisanduku cha chuma cha kuwekea dhahabu ya bibi yako, VAT inarudi, asilimia 19 ileile.

Ujerumani haikuamua hivyo peke yake. Sheria ya pamoja ya VAT iliyopitishwa na Jumuiya ya Ulaya (leo Umoja wa Ulaya) mwaka 1977, inayojulikana kama Agizo la Sita, ilisamehe mikopo, amana, malipo, biashara ya hisa na bima. Mwaka 2006 sheria ikaandikwa upya na msamaha ukahamia kifungu cha 135, maneno yakabaki karibu yaleyale. Kisanduku cha chuma kimetajwa humohumo: chenyewe hakimo kwenye msamaha.

Wengi wakisikia habari hii husema benki zimejipendelea. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe sababu ya kwanza ni hesabu tu, na hesabu yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana.

VAT hutozwa juu ya bei. Sasa, bei ya huduma ya benki ni ipi?

Tuseme kuna mjane ameweka euro 100,000 benki, anapewa riba ya asilimia 2. Benki inazichukua fedha hizo na kumkopesha fundi magari kwa asilimia 5. Mwaka ukiisha, fundi ametoa euro 5,000, mjane amepokea 2,000, na benki imebaki na 3,000. Hizo 3,000 ndizo ujira wa benki: kutunza fedha, kumpima fundi kama ni mlipaji, kubeba hasara akishindwa. VAT yake ingekuwa euro 570. Haya, nani azilipe?

Ukisema fundi alipe zote, umesahau kwamba mjane naye kahudumiwa. Hakutozwa ada, ila amekubali riba ndogo. Kama angenunua hati fungani za serikali zinazotoa, tuseme, asilimia 3, angepata euro 3,000. Kwa hiyo huduma ya benki imemgharimu 1,000 bila yeye kuzitoa mfukoni, na fundi amelipa 2,000 zilizobaki. Hesabu imekaa vizuri, sivyo? Shida ni kwamba ile asilimia 3 nimeitoa kichwani. Nikiweka 4, mjane ndiye aliyelipa 2,000 na fundi 1,000. Riba za soko hupanda na kushuka kila siku, mkopo wa fundi unadumu miaka, na sehemu ya zile 3,000 si ujira hata kidogo bali ni fungu la kufidia mikopo itakayokufa. Kisha rudia hesabu hiyo kwa mamilioni ya akaunti, kila mmoja apewe risiti yake. Mwaka 1977, zama za mafaili ya karatasi, waliotunga sheria walitazama kazi hiyo wakaona bora wasamehe.

Penye bei inayoonekana, kodi haina tabu. Tanzania tangu Julai 2016 inatoza VAT kwenye ada za benki, ile ya kutoa pesa kwenye mashine au ya kuhamisha fedha, lakini riba haikuguswa. Kenya nayo inatoza ushuru wa bidhaa kwenye ada. Ada ina tarakimu yake. Tofauti ya riba mbili haina.

Tatizo ni kwamba msamaha wenyewe ni nusu. Mfanyabiashara yeyote aliyesajiliwa VAT anajua kuna bidhaa zilizosamehewa na kuna bidhaa za kiwango sifuri, na kwamba hizo mbili si ndugu. Mwenye kiwango sifuri anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake. Aliyesamehewa harudishiwi. Benki ya Berlin ikinunua kompyuta za euro milioni 1, inaongeza euro 190,000 za VAT, na kwa kiasi kikubwa hizo ndiyo zimekwenda. Mbele ya mtoza kodi, benki inahesabiwa kama mlaji wa mwisho, sawa na wewe na kahawa yako.

Ila benki haikubali kubaki na mzigo huo. Inauingiza kwenye riba. Fundi magari analipa riba yenye VAT ndani yake, na kwa kuwa haikuandikwa kwenye risiti yoyote, hawezi kuidai. Anaipandisha kwenye bei ya kutengeneza gari, halafu juu ya bei hiyo anamtoza mteja VAT ya asilimia 19. Kodi imekaa mgongoni mwa kodi. Ajabu ni kwamba VAT ilibuniwa Ufaransa mwaka 1954, na ofisa wa kodi Maurice Lauré, kwa ajili hasa ya kukomesha jambo hilo.

Kwa mtu anayekopa kununua sofa mambo ni kinyume. Yeye asingeweza kudai marejesho hata kama VAT ingeandikwa, kwa hiyo kutotozwa kunampunguzia gharama. Msamaha unaosemwa kuwa ni wa benki, kwa kweli unamfaa mkopaji wa nyumbani na kumwumiza mkopaji wa biashara. Sijaona mwanasiasa akiusimulia hivyo jukwaani.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Benki ikiajiri walinzi wake yenyewe, mshahara hauna VAT. Ikiita kampuni ya ulinzi, inalipa asilimia 19 isiyorudi. Hivyo benki kubwa hujifanyia kazi zenyewe hata pale ambapo mtu wa nje angezifanya vizuri zaidi, na benki ndogo zisizo na ubavu huo zinabanwa. Zilikuwa na mlango mmoja wa kuponea: kujiunga pamoja, kuanzisha kituo kimoja cha kompyuta na kugawana gharama bila VAT. Septemba 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, katika mashauri kutoka Latvia na Poland, ikasema mlango huo ni wa shughuli za manufaa ya umma kama hospitali na shule. Benki na kampuni za bima zikabaki nje.

Kwani hakuna aliyejaribu kurekebisha? Wamejaribu. Novemba 2007 Tume ya Ulaya ilipeleka pendekezo la kuandika maana za huduma hizi upya na kuzipa benki hiari ya kutoza VAT zikitaka, ili wateja wa biashara waweze kuidai. Ujerumani na nchi nyingine chache tayari zinaruhusu hiari ya aina hiyo. Lakini mambo ya kodi katika Umoja wa Ulaya yanataka kila nchi ikubali. Mmoja akitikisa kichwa, yamekwisha. Mazungumzo yakakokotwa miaka, na mwaka 2016 pendekezo likaondolewa. Mwaka 2021 Tume ikakusanya maoni upya. Mimi naona kigugumizi hiki kina sababu ambayo mawaziri wa fedha hawaitangazi: VAT ile isiyorudi inaingia hazina mwaka baada ya mwaka, na hakuna mpiga kura anayeiona.

Wataalamu wamebuni njia ya kuzunguka. Thamani iliyoongezwa, ukiitazama kwa upande wa pili, ni mishahara ukijumlisha na faida. Huna haja ya kumtenganisha mjane na fundi. Chukua vitabu vya benki nzima, jumlisha, toza. Mwaka 2010 Shirika la Fedha la Kimataifa lilizipelekea nchi za G20, kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa, wazo hilo. Denmark ina kodi ya mishahara kwa taasisi za fedha kwa sababu hiyohiyo ya kukosa VAT, Ufaransa inatoza ya kwake kwa waajiri walio nje ya VAT, na Norway ilianza mwaka 2017 kwa asilimia 5 ya mishahara. Ni njia nyepesi, ila haitoi risiti kwa mteja. Fundi wetu bado hana cha kudai.

Njia nyingine ilikuwa kutoza muamala wenyewe. Septemba 2011, machungu ya mgogoro wa fedha yakiwa bado mabichi, Tume ilipendekeza asilimia 0.1 kwenye mauziano ya hisa na hati fungani. Nchi zote hazikukubaliana, zikabaki 11, Estonia ikajitoa, na kodi ya pamoja haijazaliwa. Waliopinga waliitaja Sweden, iliyoanza kutoza mauzo ya hisa mwaka 1984. Wafanyabiashara walihamishia shughuli zao London, na mwaka 1991 kodi ikafutwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba London kwenyewe kuna kodi ya hisa ya asilimia 0.5, tena inakusanyika vizuri, kwa sababu inaifuata hisa ya kampuni ya Uingereza popote itakapouzwa. Ile ya Sweden ilimfuata dalali, na dalali ana miguu.

Kisha riba zikapanda mwaka 2022, benki zikavuna, na serikali kadhaa zikaacha nadharia zikaenda moja kwa moja kwenye faida. Hispania ikatoza asilimia 4.8 ya mapato ya riba na ada kwa benki kubwa. Italia ilitangaza yake usiku wa Agosti 7, 2023: asilimia 40 ya ongezeko la mapato ya riba. Kesho yake hisa za benki zikaporomoka, na kabla jua halijazama mara ya pili serikali ikaweka kikomo cha kiasi ambacho kila benki ingelipa. Sheria ilipokamilika ilikuwa na kifungu kipya: benki isiyotaka kulipa itenge akiba ya mara mbili na nusu ya kodi hiyo, fedha zibaki ndani ya benki yenyewe. Benki kubwa zikachagua akiba, na hazina ya Roma ikabaki karibu mikono mitupu.