Mgongo wa Mtoto Haungoji Tumbo Lionekane

Seli zote za mtoto hutokana na yai moja. Inakuwaje moja ikawa ya ubongo na nyingine ya ngozi?
Kila seli hubeba vinasaba vilevile, ila si jeni zote, yaani vipande vya vinasaba hivyo, zinazofanya kazi katika kila seli. Mimba inapokua, alama za kikemikali ziitwazo methili hubandikwa juu ya vinasaba na kuzinyamazisha jeni zisizohitajika, huku protini za histoni, ambazo uzi wa vinasaba umezizunguka, zikiukaza au kuulegeza uzi huo. Udhibiti huo ndio epijenetiki.

Unamhusu vipi mama?
Methili hizo hupatikana kwa msaada wa foleti, vitamini iliyomo katika mchicha, kunde na maharage, na ambayo vidonge vyake huitwa foliki asidi. Foleti huhitajika pia kila seli inapojigawa. Mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata pia kichwa kikubwa.

Mimi huanza kliniki mimba ikifika miezi mitano. Si nitapewa vidonge huko?
Utapewa, na vitakufaa kwa damu, lakini kwa mgongo wa mtoto umechelewa. Siku ya 28 ikifika, wengi ndio kwanza wana wiki mbili za kujiuliza hedhi imekwenda wapi.

Basi nianze kipimo kikionyesha nina mimba?
Anza siku hiyohiyo, ila hata hapo umechelewa. Anayetarajia kushika mimba ameze mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, kuanzia walau mwezi mmoja kabla, hadi mimba itimize wiki 12.

Mama mkwe anasema mimba isitangazwe mapema, watu wana husuda.
Hakuna aliyekuomba uitangaze. Kidonge humezwa chumbani, na muuguzi hutunza siri. Tunachokuomba, na tumekwisha kukiomba mara nyingi mno, ni kwamba usingoje tumbo lionekane.

Ninakula udongo wa pemba. Haitoshi?
Haitoshi, tena inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Acha.

Ninatumia dawa ya kifafa.
Kama ni valproeti, inazuia vimeng'enya vinavyoondoa baadhi ya alama kwenye histoni, na inaongeza hatari ya mgongo wazi. Usiiache ghafla, kwa kuwa kifafa kisichodhibitiwa kinaweza kukuua wewe na mtoto. Mwone daktari kabla ya kushika mimba, aangalie uwezekano wa kukubadilishia dawa na akupangie kiasi cha foliki asidi. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi naye amwone daktari mapema, kwani huhitaji miligramu 4 hadi 5 kwa siku, yaani mara kumi au zaidi ya kiasi cha kawaida, na kiasi hicho kinapaswa kuanza kabla ya mimba inayofuata.