Chubwi Jikoni, Mtoto Tumboni

Mvuvi wa mshipi hatoki bila chubwi, kile kizito kinachozamisha mshipi majini, na chubwi nzuri ni ya madini ya risasi: ndogo, nzito, haili kutu. Za dukani zina bei yake. Kwa hiyo wapo wanaotafuta betri ya gari iliyokufa, wakaipasua, wakamwaga asidi na kutoa zile bamba za risasi za ndani. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila taabu. Inamiminwa kwenye vishimo vya mchanga, inapoa, na kabla ya magharibi mzee ana chubwi za kutosha. Sufuria husuguliwa kwa majivu, ikarudi jikoni.

Kilichobaki nyuma hakionekani. Moshi wa risasi hugeuka vumbi laini linalotua juu ya mtungi wa maji, mkeka na nguo zilizoanikwa. Halina harufu ya kumshtua mtu. Anayekwangua rangi kuukuu ya boti, fundi wa betri na mnunuzi wa vyuma chakavu, wote hurudi nyumbani na vumbi hilohilo kwenye nguo za kazi, na mara nyingi anayezikung'uta na kuzifua ni mke. Huko Cartagena, pwani ya Colombia, watafiti waliopima damu za watoto walikuta viwango vya juu zaidi katika mtaa ambako watu walikuwa wakitengeneza chubwi za risasi za nyavu. Wanaume wetu hupenda kusema kwamba mambo ya mimba ni ya kliniki ya akina mama. Chubwi je, ni ya nani?

Mwili hauna kazi yoyote na risasi, ila huidhania kuwa ni kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Ikiingia kwa pumzi au kwa chakula, sehemu yake hutoka kwa mkojo na nyingine huwekwa akiba mfupani. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyo nayo iko kwenye mifupa. Damuni hupungua kwa nusu kwa mwezi mmoja hivi, lakini mfupani hukaa miongo. Msichana aliyecheza kwenye jalala la betri akiwa na miaka minane anaweza kuolewa mji mwingine, asiione betri tena maishani, na bado akaingia kwenye ujauzito na mzigo ule.

Mimba ndiyo inayoifungua ghala hiyo. Mtoto anahitaji kalsiamu nyingi, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na chakula cha mama kisipotosha, mwili huchota kwenye mifupa yake. Kalsiamu ikitoka, risasi hufuatana nayo hadi kwenye damu. Kondo la nyuma halina namna ya kuizuia, ndiyo maana damu ya kitovu cha mtoto mchanga hukutwa na kiwango kinachokaribia kabisa cha mama yake.

Kwa mama, matokeo yanaweza kuwa presha ya mimba, mimba kuharibika, au kujifungua kabla ya siku. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Lakini kinachotutia wasiwasi zaidi sisi wa afya ya mazingira ni ubongo, kwa sababu risasi huingia wakati ndio kwanza unajengwa, na kilichoharibika hapo hakirudi. Baadaye mtoto ataambiwa shuleni kuwa ni mzito wa kushika masomo au mtukutu, na hakuna atakayeikumbuka ile sufuria. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu zinatosha kumfanya mhudumu wa afya aanze kutafuta inatoka wapi.

Mfano tunao hapahapa Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu wapatao 3,000. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, alimuona mwanawe mchanga akiugua homa isiyoisha. Vipimo vikaonyesha risasi. Alianzisha kampeni iliyompatia Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015, na kesi ya wanakijiji ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya, ambayo Desemba 2024 ilirejesha uamuzi wa awali wa kuwalipa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta wastani wa mikrogramu 7.4 kwa desilita ya damu za watoto wadogo wa Owino Uhuru, dhidi ya 3.7 kwa wenzao wa mtaa wa Bangladesh, palepale Mombasa. Kiwanda kufungwa hakukuisafisha ardhi. Risasi haiozi.

Tusidhani basi kwamba asiyeishi karibu na kiwanda wala kwa mvuvi amesalimika. Kuna wanja. Wanja wa masizi hauna neno, lakini ule wa kusagwa kutoka kwenye jiwe jeusi linalometameta, uletwao kutoka Bara Hindi na Uarabuni, mara nyingi ni galena, jiwe ambalo sehemu kubwa ya uzito wake ni risasi tupu. Biharusi hupakwa, mzazi hupakwa, na kichanga hupakwa machoni na kwenye nyusi, kisha kikajifikicha na kutia vidole mdomoni. Kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo ushauri wangu kwa mja mzito na kwa mtoto ni kuuacha kabisa, hata kama bibi atanuna.

Na kuna udongo. Hamu ya udongo ni ya kweli, wala mwanamke asichekwe kwa hiyo. Mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Shida ni kwamba ule unaouzwa sokoni, ambao Tanzania Bara huitwa pemba, hakuna anayejua umechimbwa wapi wala una nini ndani. Mwambie mkunga kuhusu hamu hiyo ili upimwe damu.

Lishe husaidia zaidi ya watu wanavyodhani, kwa kuwa tumbo lenye kalsiamu na chuma vya kutosha hunyonya risasi kidogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake, maziwa ya mtindi, ufuta na mboga za majani ndio ulinzi wa bei nafuu, pamoja na vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki na ambavyo vingi huishia kwenye droo. Kuchemsha maji hakuondoi risasi. Nyumba yenye vumbi hili ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa kavu, na nguo za kazi zivuliwe nje na kufuliwa peke yake. Kuyeyusha risasi nyumbani hakuna namna ya kukufanya kuwe salama, hata uani.

Vipimo vya kawaida vya kliniki, yaani wingi wa damu, kaswende, VVU na mkojo, havionyeshi risasi. Kipimo chake ni cha peke yake, na mhudumu hawezi kukifikiria asipoambiwa. Siku ya hudhurio la kwanza, sema mume anafanya kazi gani, ulikulia wapi, jirani yenu anayeyusha nini. Kiwango kikizidi, kuna vidonge vya kalsiamu, na palipo juu sana kuna dawa za kuitoa risasi mwilini chini ya uangalizi wa daktari. Baada ya kujifungua, usiache kunyonyesha kwa hofu tu: maziwa hubeba risasi kidogo kuliko kondo la nyuma, na kwa akina mama walio wengi faida yake bado ni kubwa zaidi. Daktari atakuambia kama wewe uko miongoni mwa wale wachache.