Kanda Moja, Nyimbo Sita: Taarabu Inakatwa Wapi?

Bibi mmoja wa Ngamiani kaniletea kanda ya dakika 90 aliyoifunga kwenye pembe ya kanga. Ni taarabu ya harusi ya mdogo wake, iliyopigwa hapa hapa Tanga. Anataka nyimbo ziingie kwenye flashi, kila mmoja peke yake, mjukuu amwekee anaoutaka bila kuhangaika. Kanda haina karatasi wala jina. Upande wa kwanza dakika 45, wa pili dakika 45, na ndani yake, baada ya kusikiliza yote, nimekuta nyimbo sita.

Kuihamisha kanda kwenda kwenye kompyuta ni kazi ya subira tu. Safisha kichwa cha deki kwa spiriti, unganisha waya, kisha uiache icheze kwa mwendo wake, sentimita 4.76 kwa sekunde, hadi mwisho. Mimi hurekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16, stirio. Kwa kipimo hicho dakika moja hula kama megabaiti 10.6, na upande mmoja wa kanda hii kama megabaiti 476. Kazi ninayotaka kuieleza leo inaanza pale faili hilo refu linapolala kwenye skrini na wewe umeshika kisu.

Programu nyingi za kuhariri sauti, Audacity ikiwemo, zinaweza kutafuta kimya zenyewe. Unaiambia kwamba sauti ikishuka chini ya kiwango fulani cha desibeli kwa sekunde kadhaa, iweke alama. Kwa albamu ya studio njia hii ni nzuri na mimi huitumia. Kwa taarabu ya ukumbini inapotosha, na ninawasihi wenzangu mnaookoa kanda za wazee msiitegemee.

Kanda yenyewe inavuma muda wote. Kwenye kanda ya bibi, mahali pasipo na ala wala sauti ya mtu, mita ilisoma desibeli −41, ambapo sifuri ndiyo sauti ya juu kabisa. Nilipoweka mpaka kwenye −50, programu haikuona mwanya hata mmoja. Nikaupandisha hadi −35, ikaona 17. Nyimbo ni sita! Nikaifuata kila alama kwa sikio. Karibu zote ziliangukia katikati ya wimbo: mwimbaji amemaliza ubeti, ala zote zimesita kwa pamoja, ukumbi umeshika pumzi, kisha fidla inajibu. Kimya hicho ni sehemu ya wimbo, na pengine ndicho kitamu kuliko vyote. Na pale wimbo ulipokwisha kweli hapakuwa na kimya hata kidogo. Palikuwa na vigelegele, viti vinavutwa, mshereheshaji anamwita bwana harusi. Yaani kwenye taarabu kimya kimo ndani ya wimbo na kelele ziko kati ya wimbo na wimbo, wakati mashine imefundishwa kinyume chake.

Kwa hiyo ninasikiliza kanda nzima mara moja, bila kukata chochote, kalamu mkononi. Katika Audacity vitufe vya Ctrl na M huweka alama huku sauti ikiendelea kucheza. Naweka alama kwa haraka, halafu narudi kuzisogeza.

Mahali pagumu kuliko pote ni taksimu. Kabla wimbo haujaanza, mpigaji wa udi au kanuni, ala za nyuzi, hutangulia peke yake, taratibu, anawatafutia wenzake njia ya wimbo unaokuja. Makofi ya wimbo uliopita bado hayajaisha naye ameshaanza. Asiyejua hukata pale ala zote zinapoingia, na ile taksimu inabaki mkiani mwa wimbo usio wake. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo. Shangazi mmoja aliyewahi kuimba katika kikundi alisikiliza kazi yangu, akaniambia, “Mwanangu, huyu umemkata kichwa, ukampachika mwenzake.” Niliirudia kanda yote. Tangu siku hiyo natafuta ule mguso wa kwanza wa uzi, narudi nyuma kama nusu sekunde, nakata hapo, hata kama makofi bado yanasikika chini yake.

Maneno ya mshereheshaji siyatupi. Nayakata yawe kipande chake kifupi, kwa sababu mara nyingi ndimo yalimo majina ya familia mbili na tarehe ya harusi, na hayapo pengine popote.

Wengine hukisia mwisho wa wimbo kwa urefu wa santuri. Msifanye hivyo. Vikundi vyetu vya Tanga kama Black Star na Lucky Star, alikoimba Shakila Said, vilitoa nyimbo kwenye santuri ndogo, na upande mmoja wa santuri ya aina ile hubeba dakika chache tu. Harusini, watu wakisimama kutunza, beti hurudiwa na wimbo hurefuka. Wa pili katika kanda hii una dakika 14.

Mkato wenyewe nao una adabu yake. Ukikata wimbi la sauti likiwa juu, spika hutoa “tk!” mwanzoni mwa kila wimbo. Kitufe cha Z katika Audacity husogeza kishale, au ncha za sehemu uliyochagua, hadi wimbi linapovuka sifuri, lakini kwenye stirio kushoto na kulia mara nyingi havivuki pamoja. Mimi huongeza mfifio, yaani sauti kupanda au kushuka taratibu, wa milisekunde 10 na mlio unatoweka. Mififio mirefu ya sekunde tatu au nne siipendi kabisa. Inakula makofi ya watu.

Wimbo wa tatu ulikatika kanda ilipofika mwisho wa upande wa kwanza, ukaendelea upande wa pili. Nimeviweka vipande viwili kwenye faili moja na kuacha sekunde moja tupu kati yake. Ningeweza kuvichanganya pasionekane pengo, lakini hapo katikati pana maneno ambayo kanda haikuyanasa, na msikilizaji ana haki ya kujua.

MP3 naitengeneza mwisho kabisa. Ukikata MP3 ukaihifadhi upya, inabanwa mara ya pili na sauti inapungua ubora. Zipo programu zinazokata bila kubana upya, ila zinakata kwa vipande vya sampuli 1,152, kama milisekunde 26. Tena MP3 huongeza utupu mdogo mwanzoni, kwa hiyo makofi yanayovuka kutoka wimbo hadi wimbo yanasita kidogo. FLAC, faili linalobana sauti bila kuipunguzia ubora, haina tatizo hilo. Faili refu la WAV silifuti, nalo naliweka pamoja na alama zake, ili atakayeona nimekosea akate upya.

Majina ya faili yaanze na 01, 02, 03. Baadhi ya redio za flashi hupanga kwa herufi, na ukiandika 1, 2, 3, wimbo wa 10 utaruka mbele ya wa pili.

Bibi anakuja Ijumaa baada ya sala. Nyimbo tano nimezipatia majina kutoka kwenye viitikio vyake. Wa nne sijaujua, bado unaitwa “04”, na nimemtengea kiti karibu na spika ausikilize tangu taksimu.