HDL iko chini? Angalia trigliseraidi kwanza

Kazi yangu ni mafuta ya damu, na swali naloulizwa sana ni "dokta, hii kolesteroli nzuri naipandishaje?" Mgonjwa anaangalia HDL (ndo hiyo kolesteroli nzuri), mimi jicho limeshahamia mstari wa trigliseraidi (aina nyingine ya mafuta ya damu), maana zikiwa juu HDL huwa inashuka, na inashushwa na vimeng'enya vyako mwenyewe.

Iko hivi. HDL ni chembe inayobeba kolesteroli kwenye damu, na ikishaiokota kwenye seli, kimeng'enya kinachoitwa LCAT kinaibandika asidi ya mafuta ili izame ndani ya chembe isitoke ovyo. Hapo wengi hawana tatizo. Utata unaanzia kwa CETP (kiukweli hii sio kimeng'enya, ni protini ya kubebea mafuta, ila wengi tunaitaja humohumo), kazi yake kubadilishana mizigo, inatoa kolesteroli kwenye HDL inaipeleka VLDL (chembe za ini zinazobeba trigliseraidi), halafu HDL inalipwa trigliseraidi. Sasa ini likimwaga VLDL nyingi biashara inachangamka kweli, HDL inajazwa trigliseraidi, kisha inakuja lipesi ya ini (kimeng'enya cha kuvunja mafuta) inazikatakata, HDL inasinyaa na protini yake inaishia kwenye figo. LDL (ile kolesteroli mbaya) nayo inapitishwa njia hiyohiyo, inabaki ndogo na nzito.

Basi si tuizuie CETP? Walijaribu, tena kwa hela nyingi. Pfizer walikuja na torcetrapib, HDL ikapanda kwa kama 72%, ila kwenye utafiti wa watu zaidi ya 15,000, waliokunywa dawa walikufa wengi kuliko wenzao, ikasimamishwa Desemba 2006. Sawa, ile dawa ilipandisha na presha, inawezekana ndo iliyoharibu. Lakini evacetrapib ya Eli Lilly ilipandisha HDL zaidi ya mara mbili na bado haikupunguza matatizo ya moyo, nayo wakaachana nayo 2015. Ndo maana mimi sifukuzii namba ya HDL.

Nachouliza ni sukari imekaaje, pombe kiasi gani, soda na juisi ngapi kwa siku, kitambi, tezi ya shingo, na dawa nyingine unazokunywa. LDL tunaishusha kwa statini kama unaihitaji, hilo halibadiliki. Ila trigliseraidi ikipita 500 mg/dL (kama 5.6 kwa maabara za mmol/L) hapo nawaza na kongosho kuvimba pia, na ikifika 1,000 kongosho ndo linatangulia, mengine yote yatasubiri.