Mwongozaji wa filamu ni nani hasa?

Mwongozaji wa filamu ndiye anayeamua mtazamaji aone nini, akione kwa muda gani, na nini asionyeshwe kabisa. Magazeti ya Kenya humwita pia mwelekezi. Mitaani Kisumu ni dairekta tu. Mimi nalipenda neno mwongozaji kwa kuwa limetokana na kuongoa, yaani kumtia mtu kwenye njia iliyonyooka.

Wengi humchanganya na mpigapicha. Mwongozaji anaweza kumaliza siku nzima bila kuigusa kamera. Na anayetafuta pesa na kuhakikisha kikosi kimekula ni mtu mwingine tena, mtayarishaji.

Chukua tukio dogo kule Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mswada unasema hivi tu: mama anangoja mtumbwi wa mumewe uliochelewa. Mwongozaji mmoja ataagiza kamera iwekwe mbali, mama aonekane kama nukta mbele ya maji mengi. Mwingine atausogelea mkono wake unaogeuzageuza dagaa wa omena waliokwisha kukauka. Wa tatu hatatuonyesha ziwa hata kidogo: tutamwona mtoto akimkazia mamake macho, na mawimbi tutayasikia tu. Mama ni yuleyule, ila hofu inayotuingia si moja. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji.

Je, mtu huigunduaje kazi hii? Mimi niligundulia kwenye kibanda cha video mtaani Kondele, Kisumu, tumebanana kwenye mabenchi, DJ akitutafsiria filamu ya ng'ambo kwa Kiswahili. Siku moja spika ziliharibika katikati ya filamu. Tukaendelea kutazama kimya, na bado nilijua nani anamwogopa nani, na kwamba mlango ule una adui nyuma yake. Hapo nilielewa kwamba kuna mtu aliyezipanga picha zile ili nijue. Tangu siku hiyo sikujali sana kama steringi atakufa. Nilitaka kujua kwa nini tulionyeshwa mlango kwanza.

Wengine huanzia shuleni, maana tamasha la kitaifa la drama siku hizi lina mashindano ya filamu pia. Wengine huingia kupitia kazi za kutwa kwenye filamu za watu. Lupita Nyong'o, ambaye ukoo wake ni wa Kisumu, alikuwa msaidizi katika utayarishaji wa The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 2005. Mwaka 2009 akatoa In My Genes, filamu ya hali halisi aliyoiongoza mwenyewe, kuhusu Wakenya wenye ualbino.

Lakini huku magharibi mwa Kenya, shule ninayoiheshimu kuliko zote ni video za harusi na matanga. Jeneza halishushwi mara mbili ili upate picha nzuri. Lazima uwe umekwisha kuamua utasimama wapi, utamfuata nani waombolezaji wakianza kusogea, na lini urudi nyuma kwa heshima ya wafiwa. Kisha unarudi nyumbani na saa sita za picha, familia inataka saa moja. Unakaa mbele ya kompyuta ukichagua: hotuba ya mheshimiwa, au bibi aliyekaa peke yake chini ya mwembe, kitambaa mkononi, bila kusema neno?