Antikolinejiki maana yake nini? (na kwa nini babu alishindwa kukojoa)

Babu yetu wa Kibosho mwezi wa sita alishikwa na mafua, ile baridi ya huku mnaijua, akanunua vidonge vya klofeniramini pale duka la dawa njia panda, akameza asubuhi na jioni, kesho yake mkojo hautoki kabisa. Chini ya kitovu pamekuwa pagumu kama ngoma, mzee anatokwa jasho, tukamshusha Moshi mjini akawekewa mpira wa mkojo. Nesi akauliza, ana tezi dume iliyovimba? Anayo. Kanywa dawa gani? Tukamwonesha. Akasema hiyo ina uantikolinejiki, ndo imemfunga.

Sasa hilo neno maana yake ni dawa inayoizuia asetilikolini isifanye kazi. Asetilikolini ni kemikali ambayo ncha ya neva (mshipa wa fahamu) inaimwaga ili msuli au tezi ipate taarifa, maana neva na msuli havijashikana, kuna kijinafasi katikati. Mwanasayansi Otto Loewi ndo alionesha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura, akaishtua neva ya moyo wa kwanza mapigo yakapungua, akachukua yale maji uliyokuwemo akaweka kwenye wa pili, nao ukapunguza mapigo na neva yake haijaguswa (mimi hapo huwa nasisimka kila nikifikiria). Mwaka 1936 akapata Nobel pamoja na Henry Dale.

Hiyo kemikali inatoa mate, inasukuma utumbo, inakamua kibofu, inatuliza moyo, inabana mboni. Antikolinejiki inakalia kiti chake kabla haijafika, basi mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, macho yanaona ukungu, moyo unakimbia, mkojo unagoma, na wazee wengine wanaanza kuongea visivyoeleweka. Watu wanaita madhara, ila ni kazi ileile imefika sehemu ambayo hukuitaka. Mwenye tumbo la kukata anapewa hayosini utumbo ulegee, mwenye pumu ipratropiamu njia za hewa zifunguke, na babu alitaka tu kamasi likauke.

Upande wa pili wanaujua wapulizia nyanya. Zile sumu za wadudu za aina ya organofosfeti zinakibana kimeng'enya cha kolinesterase ambacho kazi yake ni kuifagia asetilikolini ikishatumika, kwa hiyo inarundikana, mtu anatoka mate na machozi, anaharisha, mboni zinakuwa kama ncha ya sindano, na kinachoua haraka ni kifua kujaa maji na misuli ya kupumua kuchoka. Hapo dawa ni atropini, antikolinejiki yenyewe, dokta anachoma, anasikiliza kifua, anachoma tena mpaka kikauke.

Babu siku hizi akifika dukani, kabla ya bei anauliza, "Mwanangu, hii haifungi bomba?" Yule kijana wa dukani mara ya kwanza alidhani ni fundi.