Viungo vya Tex-Mex: si kila kinachowasha

Kuku wa kukaanga akitiwa pilipili kichaa, ubaoni mwa mgahawa anaandikwa Tex-Mex. Chipsi zikinyunyiziwa bizari ya mchuzi, nazo ni Tex-Mex. Mtwara mjini hata Lindi neno limeshakuwa jina jingine la ukali, na wapishi wa nyumbani wanaofuata mapishi ya mtandaoni wanaishia kumwaga sufuria nzima ya nyama kwa sababu hailiki.

Maana yenyewe ni fupi. Viungo vya Tex-Mex ni mchanganyiko mkavu uliosagwa ambao msingi wake ni pilipili nyekundu isiyo kali na bizari nyembamba, ile ambayo wengine huiita uzile. Huongezwa kitunguu saumu cha unga, oregano (majani makavu yenye harufu kali) na pilipili manga kidogo. Ukali ni nyongeza tu, na unaweza usiwepo kabisa.

Jina limetoka kwenye reli. Texas Mexican Railway iliunganisha Corpus Christi, pwani ya jimbo la Texas kusini mwa Marekani, na Laredo iliyo mpakani mwa Meksiko. Ilifika Laredo mwaka 1881, na watu wakaifupisha ikawa Tex-Mex. Baadaye neno likahamia kwa Watexas wenye asili ya Meksiko, na katika karne ya 20 likakaa kwenye chakula chao. Kwa hiyo kuviita viungo hivi "masala ya Kimeksiko" ni kukosea njia. Texas ilikuwa chini ya Meksiko hadi 1836, ikaingia Marekani mwaka 1845, na upishi wake umekulia hapohapo, kwenye nyama ya ng'ombe na maharage.

Ushahidi ni bizari nyembamba. Wapishi wengi wa Meksiko huitumia kwa kubana mkono, punje chache kwenye chungu kizima. Texas inamiminwa. Wengi huuhusisha mkono huo mzito na familia zilizotoka Visiwa vya Canary zikahamia San Antonio mwaka 1731. Mdalasini na karafuu nazo zinawachanganya watu. Kweli, zimo kwenye mole, mchuzi mzito wa Puebla, na Puebla iko Meksiko, lakini kwenye mchanganyiko wa Tex-Mex hazina kazi. Ukizitia pamoja na hiliki, umepata pilau masala yenye pilipili. Ukitia manjano, umepata bizari ya mchuzi.

Sasa kosa linaloharibu chakula. Miaka ya 1890 Mjerumani aliyehamia New Braunfels, Texas, William Gebhardt, alianza kuuza pilipili ya ancho iliyokaushwa na kusagwa pamoja na viungo vingine. Tangu hapo, Mmarekani akiandika "chili powder" kwenye mapishi anamaanisha mchanganyiko wa namna hiyo, ambao tayari una bizari nyembamba, oregano na kitunguu saumu. Hamaanishi pilipili ya unga ya sokoni kwetu, ambayo ni pilipili kali tupu. Ancho ni pole sana. Pilipili kichaa inaizidi ukali mara makumi kadhaa. Mapishi yanaposema vijiko vitatu, mtu akachota vitatu vya pilipili yetu, hapo nazi wala ndimu haziokoi kitu.

Ancho haipo sokoni Mtwara, lakini kuna paprika ya dukani, au pilipili hoho zilizoiva zikawa nyekundu kabisa. Za kijani hazifai: hazina utamu wala rangi. Toa mbegu na ule utando mweupe wa ndani, kata vipande vyembamba vya nusu sentimita, tandaza kwenye ungo, funika na chandarua, anika juani siku tatu hivi. Usiku ziingize ndani zisinyonye umande. Kilo moja haitoi hata gramu mia za unga, kwa hiyo usishangae. Kipande kilichokauka hukatika kwa mlio. Kikipinda bado kina maji. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo ya kazi hii. Kuanzia Desemba mvua na unyevu wa pwani hufanya pilipili ziote ukungu kabla hazijakauka, na zenye ukungu zitupwe zote, maana sumukuvu haiondoki kwa kusaga wala kupika.

Vipimo, kwa kijiko cha chakula: vinne vya paprika au hoho ya unga, viwili vya bizari nyembamba, kimoja cha kitunguu saumu cha unga. Kwa kijiko cha chai: viwili vya oregano, kimoja cha pilipili manga, nusu ya pilipili kali kwa anayeitaka. Oregano ikikosekana, acha nafasi yake wazi na ukamulie ndimu mwishoni mwa mapishi. Usiweke majani ya giligilani makavu, yana ladha ya nyasi tu.

Bizari nyembamba nunua nzima. Ikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukitikisa muda wote, dakika mbili au tatu. Harufu ikipanda na punje zikiiva rangi kidogo, mimina mara moja kwenye sahani baridi, kwa sababu kikaango chenyewe kinaendelea kupika. Ikitoa moshi imeungua na uchungu wake hautibiki. Paprika usiikaange kavu hata kidogo: ina sukari, inaungua ndani ya sekunde chache. Ipoe bizari kwanza ndipo usage, kwenye kinu au blenda kavu, la sivyo mvuke utaganda ndani ya chupa na unga ushikane mabonge. Ukisaga pilipili kwa blenda, subiri vumbi litue kabla ya kufungua kifuniko.

Chumvi isiingie kwenye chupa. Hapa pwani inavuta maji hewani, na kitunguu saumu cha unga kinafanya vivyo hivyo, basi viwili pamoja vinageuka jiwe. Chupa ya kioo, kabatini, kijiko kikavu. Miezi mitatu harufu bado ipo, baada ya hapo inapungua.

Kijiko kimoja cha chakula kinatosha robo kilo ya nyama ya kusaga. Kitie kwenye mafuta baada ya kitunguu kulainika, geuza kwa nusu dakika, kisha nyanya au maji haraka. Rangi na harufu ya paprika hutoka kwenye mafuta, ndiyo maana ukiinyunyiza juu ya mchuzi unaochemka inabaki na ladha ya vumbi. Mbaazi zilizochemshwa zinaupokea mchanganyiko huu vizuri sana, pweza pia.

Kwa hiyo anayechanganya bizari ya mchuzi na pilipili kichaa aendelee, kuku wake huenda ni mtamu kuliko wa jirani. Ubaoni aandike tu kuku wa pilipili. Na yule mwenye mapishi ya vijiko vitatu vya "chili powder" achote kwenye chupa hii, siyo kwenye kopo la pilipili.